Kigumba cha Mshale: Makali Yasiyosogea au Makali ya Kukunjuka?

Mshale hauui mnyama kwa mshindo kama risasi. Humwua kwa kukata mapafu na mishipa mikubwa, damu ikamwishia. Kwa hiyo kigumba, yaani ncha ya chuma ya mshale, ndicho kiamuacho kama mnyama atakufa upesi au atakimbilia kichakani na jeraha la kumtesa siku nyingi.

Vigumba vya kuwindia ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ina makali yasiyosogea, kama walivyofua wahunzi wa kale. Chuma chenyewe si kigeni katika Mkoa wa Njombe, kwani Wapangwa wa Ludewa walikuwa wakikiyeyusha tangu zamani. Namna ya pili ina makali yaliyokunjwa, ambayo hufunguka mshale ugusapo mwili. Hii hutumiwa sana Marekani kuwindia ayala, mnyama ambaye pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka. Ayala hayuko katika mapori ya Tanzania. Aliye karibu naye kwa umbo ni pongo.

Katika uwanda wa Makambako, mji ujulikanao kwa upepo mkali, faida ya makali yaliyokunjwa ni dhahiri. Makali mapana yaliyo wazi hushika upepo kama mabawa na kuupotosha mshale. Yaliyokunjwa hupita kwa utulivu.

Lakini kufungua makali hutumia nishati, nayo hutolewa na mwendo wa mshale wenyewe. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Mshale wa gramu 30 ukirushwa na upinde wa mti kwa mita 40 kwa sekunde una jouli 24. Ukirushwa na upinde wa kisasa wenye kapi kwa mita 80 kwa sekunde una jouli 96. Kwa mfano, ikiwa kufunguka kwa makali hula jouli 10, upinde wa kisasa hupoteza kama sehemu moja ya kumi tu, bali upinde wa mti hupoteza zaidi ya theluthi. Tena, mshale ukigonga kwa mshazari makali huweza kuteleza, na bawaba zake huweza kuvunjika kwenye mfupa.

Basi kwa upinde wa nguvu ndogo, kigumba cha makali yasiyosogea ndicho bora. Kasoro yake ya upepo hupunguzwa kwa kunyoosha uti, kuongeza manyoya, na zaidi ya yote kwa kumkaribia mnyama. Pongo hupenda vichaka, na huko shabaha huwa ya karibu.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Na hata mwenye leseni hana budi kuuacha mshale podoni ikiwa hana hakika ya shabaha yake.