Somo la 14: Jicho la Paka

Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Songwe, kuanzia mashamba ya Mbozi hadi vitongoji vya Tunduma, paka hafugwi kwa kutazamwa tu. Yeye ndiye mlinzi wa ghala. Mahindi yakishavunwa na kuwekwa ndani, panya nao huhamia humo, na paka huwawinda gizani kwa kutumia masikio, sharubu na macho. Jicho lake likiharibika, hasara si yake peke yake.

Kwanza lijueni jicho zima. Mtazameni paka mpole wa nyumbani, mchana, akiwa penye mwanga. Mboni yake ni mstari mwembamba uliosimama. Mtazameni tena jioni: mboni imetanuka, imekuwa mviringo. Mbele ya mboni kuna utando mwangavu uitwao konea, nao ni kama kioo cha dirisha. Katika pembe ya ndani, karibu na pua, limo kope la tatu. Sisi binadamu tumebakiwa na kikunjo chake kidogo tu. Paka mzima akiwa macho, kope hilo halionekani. Tongo dogo la kahawia asubuhi si ugonjwa. Hata ninyi huamka nalo.

Sasa tuseme ni mwezi wa Julai. Mahindi yanapukuchuliwa uani, vumbi limetanda, na paka wenu anatoka ghalani jicho moja likitoa machozi. Je, apelekwe kwa daktari wa mifugo leo, au mngoje? Kwa familia iliyo mbali na mji swali hili si dogo, maana safari ni nauli na kazi ya siku nzima.

Tazameni kwanza mambo mawili: je, jicho li wazi? Je, konea inang'aa? Ikiwa ni hivyo, na machozi ni maji matupu, na paka anakula, huenda ni vumbi tu. Chemsheni maji, yaacheni yapoe, kisha chovyeni pamba safi. Mtu mzima amfunge paka katika kitambaa na kupangusa kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Pamba ya jicho moja isiguse la pili. Kesho yake jicho likiwa halijapona, mpelekeni.

Lakini akilifumba jicho kwa nguvu, msingoje. Paka huficha maumivu yake. Halii, ila hufumba jicho linalouma. Konea haifiki unene wa milimita 1, na haina mishipa ya damu. Ikikwaruzwa na ukucha wa paka mwenzake au na kapi la hindi, vijidudu vikaingia, kidonda chaweza kuitoboa kwa siku chache, pengine moja au mbili. Msingoje pia mkiona ukungu juu ya konea, usaha wa manjano au kijani, damu, mboni moja kubwa kuliko ya pili, au kope la tatu limetanda. Ikiwa jicho limeingiwa na dawa ya kuhifadhia mahindi, au limetemewa sumu na nyoka aitwaye swila, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kabla ya safari kuanza.

Watu wengine hutia dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini. Hilo ni kosa kubwa. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi: wekundu huisha, mwenye paka hufurahi, na kidonda huzidi kuchimba. Daktari wa mifugo hudondosha kwanza rangi ya chungwa jichoni. Palipochubuka hung'aa kijani, naye hujua dawa ipi itafaa.

Msimshike paka msiyemjua. Mtu akiumwa au kukwaruzwa naye, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyohiyo, kwani paka naye huweza kuambukiza kichaa cha mbwa.

Mazoezi

1. Chora mboni ya paka wakati wa mchana na wakati wa jioni.
2. Kwa nini kidonda cha konea hakifai kungojwa?
3. Paka wa jirani anakula vizuri, lakini tangu asubuhi amefumba jicho la kushoto. Utamwambia nini jirani yako, na kwa sababu gani?