Mabomoko ya Nyumba ya Bwana

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Fal. 11:1-3, 2 Fal. 12:4-18, 2 Nya. 24:4-25, 2 Fal. 22:3-13, Isa. 58:6-14.

Fungu la Kukariri: Isaya 58:12.

Masika yanapoanza, kila kanisa lenye bati kuukuu hujua mahali linapovuja. Washiriki husogeza mabenchi, shemasi huweka ndoo, na ibada huendelea. Mwaka wa kwanza watu hunung'unika. Mwaka wa tatu hakuna anayetazama juu tena. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa mgumu kuliko yote kuuziba ni ule ambao macho yamekwisha kuuzoea.

Somo la juma hili linamhusu Yoashi, mfalme wa Yuda aliyelitengeneza hekalu la Sulemani, na kulitengeneza vizuri. Hata hivyo, kabla hajafa, alikuwa amevitoa vyombo vyake vitakatifu na kumwaga damu katika ua wake. Inawezekanaje mtu aitengeneze nyumba ya Mungu, naye mwenyewe abaki bila kutengenezwa?

JUMAPILI
Mtoto Aliyefichwa Hekaluni

*Soma 2 Wafalme 11:1-3 na 2 Mambo ya Nyakati 24:7. Nyumba ya Bwana ilikuwa na maana gani kwa Yoashi? Ni nani walioibomoa?*

Ahazia alipokufa, mama yake Athalia aliangamiza uzao wa kifalme ili atawale yeye. Mtoto mmoja aliponyoka. Yehosheba, shangazi yake, alimwiba Yoashi, naye akafichwa katika nyumba ya Bwana miaka 6. Alitawazwa akiwa na umri wa miaka 7. Kuta zile ndizo zilizomhifadhia uhai.

Nyumba hiyo haikuharibiwa na umri peke yake. Wana wa Athalia waliivunja, na vitu vyake vitakatifu wakavitoa kwa Mabaali. Hata katika kanisa la leo uharibifu huja kwa njia hizo mbili. Pengine upendo umechakaa kwa kukosa kutunzwa. Pengine mtu ameuvunja kwa makusudi. Uchakavu unadai uangalifu. Uvunjaji unadai toba.

*Je, kuna uhusiano nyumbani au kanisani kwako ambao umechakaa? Upo uliovunjwa? Utaanzaje kwa kila mmoja?*

JUMATATU
Mwaka wa 23

*Soma 2 Wafalme 12:4-8. Kwa nini fedha zilitolewa na mabomoko yakabaki?*

Mpango wa kwanza ulikuwa mwema. Makuhani wangepokea fedha, kila mmoja kwa watu anaowafahamu, na kutengeneza kila bomoko litakaloonekana. Lakini hadi mwaka wa 23 wa kutawala kwake Yoashi, hakuna kilichotengenezwa. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Yanasema tu kwamba kazi haikufanyika. Kazi iliyokabidhiwa wote haikuwa na mwenyewe.

Ndipo mfalme alipomwita Yehoyada, kuhani aliyekuwa mlezi wake, pamoja na makuhani wengine, akawauliza mbona hawatengenezi. Ilikuwa vigumu kumwuliza mzee swali hilo, lakini halikuwa utovu wa heshima. Makuhani nao hawakubishana. Walikubali kuiachia kazi wengine. Kumpisha mtu anayeweza, nako ni utumishi.

JUMANNE
Sanduku Lenye Tundu

*Soma 2 Wafalme 12:9-16 na 2 Mambo ya Nyakati 24:8-14. Ni nini kilichobadilika?*

Sanduku lilitobolewa tundu kwenye kifuniko chake, likawekwa mahali ambapo kila mtu aliliona. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu fedha pamoja. Kisha wasimamizi waliwalipa maseremala, wajenzi, waashi na wachonga mawe, wakanunua mbao na mawe. Watu walikuwa wale wale, na mapato yao ni yale yale, lakini sasa walitoa kwa furaha. Waliona fedha zao zinakoingia na zinakotokea.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Fungu hilo halimpi mweka hazina ruhusa ya kutoandika, kwa kuwa fedha zilikwisha kuhesabiwa na watu wawili kabla hazijatoka. Pili, vyombo vya dhahabu na fedha vilitengenezwa kwa masalio tu, baada ya jengo kukamilika. Ukuta kwanza, vikombe baadaye. Kanisa linalonunua spika mpya chini ya bati linalovuja lina la kujifunza hapa.

JUMATANO
Ufa Ambao Haukuonekana

*Soma 2 Mambo ya Nyakati 24:15-25 na 2 Wafalme 12:17, 18. Yoashi alibadilika lini, na kwa nini?*

Yehoyada alikufa akiwa na umri wa miaka 130, akazikwa pamoja na wafalme. Mara wakuu wa Yuda wakaja kumsujudia mfalme, naye akawasikiliza. Nyumba iliyotengenezwa kwa jasho la watu ikaachwa, sanamu zikatumikiwa. Zekaria, mwana wa Yehoyada, alisimama akawauliza watu mbona wanazivunja amri za Bwana. Kwa amri ya mfalme akapigwa kwa mawe, papo hapo katika ua wa nyumba hiyo. Hazaeli wa Shamu alipoutishia Yerusalemu, Yoashi alikusanya vitu vitakatifu vyote akampelekea. Mwisho aliuawa na watumishi wake mwenyewe, wala hakuzikwa katika makaburi ya wafalme.

Imani ya Yoashi ilikuwa imeegemea ukuta mmoja, nao ulikuwa Yehoyada. Ukuta ulipoondoka, imani ikalala chini. Tena, alijua kuwauliza wengine "mbona?" Siku alipoulizwa yeye, hakustahimili.

*Imani yako imemwegemea nani? Mtu huyo akiondoka, itasimama?*

ALHAMISI
Kitabu Ndani ya Nyumba

*Soma 2 Wafalme 22:3-13 na Isaya 58:6-14. Matengenezo ya Yosia yalikuwa na tofauti gani na yale ya Yoashi?*

Zaidi ya miaka 150 baadaye, hekalu lilihitaji mafundi tena. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake, Yosia aliagiza walipwe maseremala, wajenzi na waashi, na wasimamizi nao wakaaminiwa bila kudaiwa hesabu. Wakati huo kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati, na Shafani akakisoma mbele ya mfalme. Yosia akayararua mavazi yake. Yoashi aliitengeneza nyumba, kisha akalinyamazisha neno. Yosia aliitengeneza nyumba, kisha akaliacha neno limtengeneze yeye.

Waadventista wanalipenda fungu la 12 la Isaya 58, maana linafuatwa na wito wa Sabato. Lakini wito huo unatanguliwa na wenye njaa wanaolishwa, walio uchi wanaovikwa, na walioonewa wanaowekwa huru. Anayeahidiwa kuitwa mtengenezaji wa mahali palipobomoka ni yule anayeshika yote mawili.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Ndoo iliyo chini ya bati haizibi tundu. Hukinga maji tu mpaka mvua ijayo. Yoashi alipanda juu akaziba kila tundu la hekalu, lakini moyo wake aliukingia ndoo. Daudi, babu yake, alipoonyeshwa dhambi yake hakumpiga nabii mawe. Alimwomba Mungu amwumbie moyo safi (Zaburi 51:10). Fundi huyo angali kazini.

Maswali ya Kujadili:

1. Kanisa lenu limezoea "vuja" gani, la jengo au la watu? Chagueni moja, na mtaje nani atashughulika nalo na kwa tarehe gani.

2. Washiriki wanapopunguza utoaji, ni lini tatizo ni mioyo yao, na ni lini tatizo ni ukosefu wa uwazi? Mtatofautishaje?

3. Baadhi ya vijana huacha imani baada ya mzazi au mlezi wao kufariki. Darasa lenu litawasaidiaje kujenga msingi wao wenyewe mapema?

4. Ni nani aliye huru kukuuliza "mbona?" Ulimjibuje mara ya mwisho?