Zamu Imeisha, Usingizi Uko Wapi?
Vidokezo 7 kwa wahudumu wa afya wakati wa mlipuko

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Machi 2023 ikaja Marburg mkoani Kagera, na mhudumu wa afya akawa miongoni mwa waliofariki. Kote huko ni mbali na Songea, lakini hofu haikati tiketi ya basi. Muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au wa Peramiho anaweza kurudi nyumbani hoi, akajilaza, akabaki macho kodo. Dawa yake haianzii kitandani. Inaanzia pale unapokabidhi zamu.

1. Kabidhi wodi na wasiwasi wake. Taja yanayokutisha: mgonjwa wa kitanda cha tatu anapumua kwa shida, oksijeni inakaribia kuisha. Yaandike kwenye kitabu cha ripoti. Mwenzako akishayapokea, ni zamu yake kuyabeba.

2. Vulia kazi mlangoni. Viatu vya wodini visivuke kizingiti. Loweka sare, kisha oga maji ya moto saa moja hivi kabla ya kulala. Sabuni itaondoa vijidudu. Mwili ukianza kupoa baada ya kuoga, usingizi nao husogea. Kwa baridi ya Songea ya Juni na Julai, wala hutahitaji kubembelezwa.

3. Kahawa ya Mbinga ina saa zake. Saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kama utalala saa tatu asubuhi, kikombe cha mwisho kisipite saa saba usiku. Chai ya rangi nayo imo kwenye hesabu.

4. Simu itangulie kulala. Makundi ya WhatsApp hayaishiwi sauti za kutisha zisizo na mwenyewe. Yafungue mara mbili kwa siku, basi. Ukiwa na swali kuhusu mlipuko, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

5. Uufanye mchana kuwa usiku. Uwe unaishi Lizaboni au Majengo, bodaboda na redio za majirani hazijui kwamba umekesha. Tundika khanga mbili dirishani, jifunge kitambaa machoni, na uwaambie wa nyumbani mapema: "Nikilala, mhesabu nimesafiri."

6. Usigombane na kitanda. Zikipita dakika 20 hivi bila usingizi, amka. Kaa kwenye mwanga hafifu upukuchue mahindi au uchambue maharage. Macho yakilegea, rudi. Saa ya ukutani usiitazame.

7. Usijiandikie dawa. Diazepam iko karibu, Piriton iko karibu zaidi, na ulanzi uko njiani. Piriton itakuachia uzito kichwani zamu inayofuata, pombe itakuamsha kabla hujatosheka na usingizi, na diazepam huzoesha mwili mpaka ushindwe kulala bila hiyo. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, au moyo ukikuenda mbio kila ukikaribia geti la hospitali, fungua faili kama mgonjwa mwingine yeyote.

Nawe unayepanga ratiba ya zamu, usimtoe mtu zamu ya usiku na kumrudisha mchana huohuo. Hapo hata vidokezo 70 havitamlaza.