Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Magari ya watalii hupita Mugumu yakienda Hifadhi ya Serengeti. Wengi wetu huachiwa vumbi tu. Je, tufanyeje? Hebu leo tujifunze kwa wenzetu.

Huko Afrika Kusini, karibu na bahari katika mji wa Cape Town, kuna mahali paitwapo Constantia. Shamba la kwanza la hapo lilianzishwa mwaka 1685, na hata leo mizabibu inalimwa. Mkulima wa huko haishii kuuza chupa za divai. Humkaribisha mgeni shambani. Humwonyesha jinsi zabibu zinavyochumwa na kukamuliwa, na divai inavyokaa katika mapipa mpaka ikomae. Mgeni huonja, hula chakula, hununua chupa. Kesho yake huenda kuona mlima na bahari. Akilala siku moja zaidi, fedha yake nayo inabaki pale.

Umeona siri yao? Zao ni moja, lakini linauzwa mara mbili: kwanza kwa kuonwa, halafu kwa kununuliwa.

Sasa sisi tuna nini? Zabibu ziko Dodoma, siyo kwetu. Lakini Tarime tuna kahawa ya arabika. Wageni wengi hunywa kahawa kila asubuhi, wala hawajauona mti wake. Basi mwonyeshe matunda mekundu yanavyochumwa, yanavyomenywa, yanavyooshwa na kuanikwa. Kaanga kidogo jikoni, twanga, chemsha, mpe aonje.

Akitoka hapo, apite Nyamongo, avuke Mto Mara, afike Mugumu. Mbele yake iko ngome ya Ikoma iliyojengwa na Wajerumani. Halafu ndipo aingie hifadhini. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, na ina nyumbu zaidi ya milioni moja.

Kikundi kinachotaka kuanza kifanye hivi:

1. Kimwone afisa wa biashara wa halmashauri, aeleze leseni na ushuru unaotakiwa.
2. Kitengeneze njia ya shambani, choo safi, na maji ya kunawa.
3. Kiandike bei ubaoni. Mgeni asitajiwe bei mpya kila anapouliza.
4. Kitoe stakabadhi kwa kila malipo, na kuandika mapato na matumizi katika daftari.
5. Kisome hesabu mbele ya wanachama wote kila mwezi.

Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapoleta faida. Vikundi vingi havifi kwa kukosa wateja. Vinakufa kwa sababu fedha haijulikani imekwenda wapi. Aliyejifunza kusoma asikubali kusomewa hesabu na mtu mmoja tu. Aombe daftari, alisome mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Mkulima wa Constantia huuza nini zaidi ya divai?
2. Kijijini kwenu kuna zao au kazi gani ambayo mgeni angependa kuiona?
3. Nani atashika fedha, na nani atakagua daftari?