Mgeni njoo, mwenyeji apone: apone kwa kipi?

MWISHONI mwa mwaka 2004 nilipanda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, kumtembelea baba yangu mdogo aliyekuwa akiishi Ujiji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwake nikiwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara, na sikutaka kabisa kuonekana nimekwenda mikono mitupu. Siku mbili kabla ya safari nilikwenda Kariakoo nikanunua seti nzima ya vyombo vya kaure: sahani, mabakuli, vikombe, birika la chai na sinia lake, vyote vimechorwa maua ya buluu. Niliilipia fedha ambazo, kwa kweli, sikuwa nazo za kuchezea. Kisha nikalipakata lile boksi magotini usiku mbili, nikilikinga na mizigo ya abiria wenzangu kila treni ilipofunga breki.

Mama mdogo alipolifungua alitulia kidogo, akasema, “Mwanangu, mbona umejitia hasara kiasi hiki?” Akashukuru sana, akavifuta vile vyombo kimoja kimoja kwa upande wa kanga yake, akavipanga kabatini na kufunga kwa ufunguo. Sikuviona tena. Tulikula katika sahani zao zile zile za siku zote.

Nilikaa siku tisa. Kila siku kulikuwa na wali. Jogoo walichinjwa wawili, na mchana mmoja ililetwa migebuka mibichi iliyoungwa kwa mawese, chakula ambacho mtu wa Kigoma aishiye Dar es Salaam hukiota. Siku ya kuondoka nilikabidhiwa debe la dagaa, dumu la mawese la lita tano na furushi la migebuka mikavu. Nilirudi kazini nikiwasimulia wenzangu ukarimu wa watu wa Ujiji, na dagaa wale niliwagawa ovyo kama mtu aliyeokota.

Mwaka uliofuata mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi akafikia kwangu. Usiku mmoja baada ya tarawehe tukawa tunazungumza, ndipo yakamtoka asiyokusudia kuyasema. Wale dagaa walichukuliwa kwa mkopo. Nami nilikuwa nimefika wakati mbaya kuliko wote, kwani usiku ule ulikuwa wa mbalamwezi. Wasomaji wa mwambao wa Tanganyika wanalijua jambo hili: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna maana tena, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Dagaa wanaobaki sokoni hupanda bei. Mawese nayo yalikuwa yamewekwa kwa ajili ya kuuzwa, ili mdogo wangu huyo huyo apate nauli. Nilimuuliza kwa nini basi walijitwisha mzigo ule. Akaniambia, “Kaka, mama alisema mtu aliyeleta vyombo vile hawezi kuondoka na kifuko.”

Nilikuwa nimempelekea mama yangu mdogo deni, nikalifunga vizuri kwa karatasi ya maua.

Ndugu msomaji, sisi Waswahili tuna methali tunayoisema kila mgeni anapobisha hodi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunaisema huku tukicheka, wala hatujiulizi huyo mwenyeji atapona kwa kipi. Mimi nilidhani amepona kwa kaure. Kumbe kabla sijaja alikuwa mzima, akaumwa baada ya kuondoka kwangu.

Suala la zawadi katika dini yetu si dogo. Imam Bukhari ameliwekea kitabu kizima ndani ya Sahihi yake. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kupeana zawadi ili mapenzi yakue baina yetu. Na Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na akiilipa kwa zawadi. Jambo hili la kulipa ndilo nataka tulitazame. Hadithi hiyo tunaisikia mawaidhani na tunaifurahia, lakini tunaifahamu kwa upande mmoja tu, upande wa mpokeaji. Mwislamu aliyelelewa vizuri akipokea kitu huona uzito wa kurudisha. Mama yangu mdogo aliilipa zawadi kwa sababu ana adabu. Kwa hiyo anayetoa naye ana wajibu wa kufikiri: hiki ninachompa, atakirudishaje? Ukimpa mtu kitu ambacho malipo yake yanamshinda, umeitumia adabu yake kumtia dhiki, hata kama hukukusudia.

Ipo pia hadithi ya Abu Shurayh (r.a.) kuhusu ugeni. Ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Tena, si halali kwa mgeni kuendelea kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Katika mapokezi ya Muslim, masahaba waliuliza mtu atamtiaje mwenyeji wake katika dhambi, wakajibiwa kwamba ni kwa kukaa naye ilhali mwenyeji hana cha kumlisha. Hebu nihesabieni siku zangu tisa. Nilikuwa nimeisoma hadithi hii madrasa, tena naikumbuka kwa sauti ya maalim wangu, na bado nilikaa siku tisa.

Kuna watakaosema kwamba basi afadhali mtu aende mikono mitupu. La. Mtume (s.a.w.) aliwaasa wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni ukwato wa kondoo. Wengi wetu huichukua hadithi hii kama maneno ya kumfariji mwenye kidogo. Mimi siku hizi naiona pia kama mwongozo kwa mwenye uwezo. Ukwato unaingia chunguni. Unaliwa siku ile ile, na anayeupokea anaweza kesho kurudisha bakuli la mchuzi bila kukopa kwa mtu. Kaure langu halikuingia chunguni.

Watu wa Ujiji wenyewe wamewahi kuonyesha jambo hili, na wa kwanza kulitia kitabuni alikuwa mgeni asiye Mwislamu. Wasomaji wanajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji. Kinachosimuliwa siku zote ni salamu ile aliyomtolea, na jumba la makumbusho lipo pale kwa ajili ya tukio hilo. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, Stanley ameandika jambo jingine ambalo kwangu lina maana zaidi. Livingstone, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji, alikuwa hana kitu. Bidhaa zake zilizotangulia Ujiji zilikwishauzwa na mtu aliyekabidhiwa azitunze. Sasa kamfikia mgeni na msafara mzima. Wale wazee wa Kiislamu wa mji wakaliona hilo bila kuambiwa. Said bin Majid akatuma vitafunio vya moto vya nyama, Muhammad bin Salih akatuma kuku wa bizari, Mwinyi Kheri naye akatuma nyama ya mbuzi na wali. Sahani zilifuatana, na wale wawili wakala.

Sisemi kwamba watu wale walikuwa mawalii. Biashara ya Ujiji ya zama zile, ya pembe na ya watumwa, inajulikana na si ya kupambwa. Ninachosema ni kwamba walielewa palipokuwa na pengo. Mwenyeji anaaibika kwa sababu ana mgeni na hana chakula, basi wakaliziba pengo hilo mlangoni, kwa sahani.

Stanley naye alikuwa na lake. Alimletea Livingstone mfuko wa barua kutoka kwao, kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila habari za wanawe. Alimletea na nguo na shanga, ndiyo, maana ndizo zilizokuwa fedha za njia ile. Lakini ule mfuko wa barua Livingstone aliupakata magotini. Nilipoisoma habari hiyo nikalikumbuka boksi langu, lililokaa magotini mwangu usiku mbili, kisha likaenda kufungiwa kabatini.

Mwaka 2007 nilikwenda tena Ujiji. Safari hii nilianza kwa kuuliza. Nilimuuliza mdogo wangu nyumbani kwao kunakosekana nini hasa, akafikiri sana, akasema, “Mzee anamkumbuka shangazi.” Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba mdogo, anaishi Magomeni, na kwa maradhi ya miguu alikuwa hawezi tena safari. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Nikaenda kwake na redio ya kaseti. Alizungumza upande mzima wa kaseti: salamu, habari za watoto, nani kaolewa, nani kafariki, na mwishoni akamsomea dua. Nikachukua na picha nne za wajukuu. Nikanunua na mawe ya redio, kwa kuwa mdogo wangu alinitahadharisha kwamba redio ya mzee ipo ila haina mawe.

Kwa upande wa jikoni nilinunua vitu pale pale Kigoma nilipoteremka: mchele, sukari, majani ya chai, sabuni za kufulia na mafuta ya taa. Nilivipitisha uani, nikampa mama mdogo mwenyewe kabla sijaingia sebuleni kwa baba. Kufanya hivyo kuna faida yake. Kitu cha chakula kikikabidhiwa mbele ya watu, mwenyeji anaweza kuona umemwambia kwamba huna hakika ya kula kwake. Kikipita uani mapema, kinakuwa cha nyumba. Tena nilikaa siku tatu, ya nne nikaondoka.

Nigusie jambo la kanga, kwani wanaume wengi tunakimbilia huko tunapokosa la kununua. Kanga ni zawadi njema, lakini ina mdomo. Rafiki yangu mmoja alipeleka doti moja kwenye nyumba ya wake wawili, akamkabidhi yule aliyemfungulia mlango, na wala hakusoma maandishi yake. Maandishi yenyewe yalikuwa ya kumrushia mtu kijembe. Mke mkubwa aliamini mpaka leo kwamba doti ile iliagizwa. Huyu rafiki yangu ni msomi, ana shahada. Mwenye kwenda nyumba ya uke-wenza apeleke doti mbili za thamani moja, au asipeleke kanga kabisa, na maandishi ayasome kwa sauti akiwa bado dukani.

Siku hizi mambo mengine yamekuwa mepesi. Kuna simu, na mtu anaweza kuuliza kabla ya kukata tiketi: giza limeingia au ni mbalamwezi? Hata miezi ina tofauti. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika kwa upande wa Tanzania lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Anayekwenda kutembea Kigoma wakati wa kufungwa kwa ziwa, kisha akaingia na maneno ya “mimi nimekuja kula migebuka,” anamtafutia mwenyeji wake fedheha.

Kuhusu fedha za simu watu wamegawanyika. Wazee wengine huona kumtumia mwenyeji fedha kabla hujafika ni kumlipa kama nyumba ya wageni. Wengine wanaona ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Mimi naona inategemea ni nani anatuma na kwa maneno gani. Mtoto akimtumia mama yake mdogo, akamwambia hii ni ya sabuni, sioni aibu. Lakini mgeni asiye jamaa asifanye hivyo kabla hajamjua mtu. Na akishatoa, kwa njia yoyote, anyamaze. Kutaja taja ulichotoa kunabatilisha sadaka kwa mujibu wa Qur'an, na sioni kwa nini zawadi iwe na nafuu hapo.

Nirudi kwa baba mdogo. Ile kaseti aliisikiliza baada ya Isha, amekaa barazani, kichwa kakiinamisha. Ilipofika kwenye dua akainua mikono, akawa anaitikia amina kana kwamba dada yake yuko pale. Ilipokwisha aliniambia niirudishe nyuma. Usiku ule tuliisikiliza mara tatu. Mama mdogo akatoka na chai, na ilikuwa katika vile vikombe vya maua ya buluu, maana alikuwa amevifungua. Kimoja kilikuwa kimeshapasuka mkono.

Siku ya kuondoka nilipewa kifuko cha dagaa, kiasi cha mboga ya siku mbili, na mama mdogo hakuomba radhi kwa udogo wake. Baba mdogo alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipoagana alitia mkono mfukoni, akanirudishia ile kaseti. Upande wa pili alikuwa ameujaza yeye mwenyewe alfajiri, baada ya sala, sote tukiwa tumelala.

Niliipeleka Magomeni siku ile ile niliyoteremka treni. Shangazi hakusubiri nioge. Aliisikiliza mpaka mwisho, akacheka mahali fulani ambapo mimi sikuona cha kuchekesha, kisha akaniuliza nakwenda tena lini, kwa kuwa kuna mambo alisahau kumwambia.