Kupoza mwili mbele ya mashindano

Tarehe 5 Agosti 1984, katika mji wa Los Angeles, nchi ya Marekani, wanawake walikimbia marathoni, mbio za kilometa 42. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kukimbia mbio hizo katika Michezo ya Olimpiki. Jua lilikuwa kali. Gabriela Andersen-Schiess, mwanamke wa Uswisi, aliingia uwanjani akiyumba kama mlevi, mkono mmoja umelegea. Alibakiwa na mzunguko mmoja tu, nao ulimchukua zaidi ya dakika 5. Waganga walimfuata karibu. Waliona angali anatoka jasho, maana yake mwili wake unajipoza bado, wakamwacha aendelee. Alipofika mwisho alianguka mikononi mwao. Baadaye alipona.

Joto la namna hiyo latoka wapi? Si juani tu. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digri 37 hivi. Akikimbia, misuli yake ni kama moto jikoni: sehemu kubwa ya nguvu ya chakula inageuka kuwa joto. Damu inalichukua joto hilo hata kwenye ngozi, na jasho likikauka linaliondoa. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili wetu. Lakini hewa ikiwa na mvuke mwingi jasho halikauki, linadondoka tu. Basi joto linabaki ndani, linapanda digri 39, pengine kupita 40.

Hapo akili inaanza kuchoka. Mchezaji anauona mpira, lakini anakawia kuamua: apige au ampe mwenzake? Anasahau alivyoagizwa. Kazi nyepesi anaiweza bado. Kazi ya kuchagua na kukumbuka ndiyo inayoharibika upesi. Akianza kusema maneno yasiyo na maana, si uchovu tena, ni ugonjwa unaoweza kuua. Atiwe katika maji baridi mara moja, na mganga aitwe.

Kwa hiyo wengine wanaupoza mwili mbele ya kuanza. Mwaka 1996 Michezo ilifanyika Atlanta, mji wa joto na mvuke, na wachezaji wa Australia walivaa vizibao vyenye barafu. Mwaka 2004, mjini Athens, Wamarekani Deena Kastor na Meb Keflezighi walivivaa vilevile mbele ya marathoni. Kastor akawa wa 3 kati ya wanawake, Keflezighi wa 2 kati ya wanaume. Barafu peke yake haikuwapa medali, maana walikuwa wamejizoeza miaka mingi. Lakini mwili uliopozwa ni kama mtungi mtupu: unakawia kujaa.

Pasipo barafu, inafaa kukaa kivulini, kunywa maji, na kutia mikono hata viwiko katika ndoo ya maji baridi. Miguu ya mwenye kukimbia mbio fupi isipozwe, kwani misuli baridi ni mizito. Na kitambaa chenye maji shingoni chaweza kudanganya: mtu anasikia baridi, anaongeza mbio, kumbe joto la ndani linapanda tu.

Maulizo: Kwa nini waganga walimwacha Gabriela aendelee? Siku gani jasho halipozi mwili? Kitambaa cha shingoni chadanganya namna gani?