Jina Juu ya Mzigo: Lebo za Bei Nafuu kwa Wasafiri wa Tabora

Septemba 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kumtafuta mpelelezi David Livingstone, alimchukua mtu aliyeitwa Kaif-Halek pamoja na mfuko wa barua uliofungwa kwa lakiri. Juu ya mfuko huo paliandikwa jina la Dk. Livingstone, Ujiji, tarehe 1 Novemba 1870, na maelezo kwamba ndani mna barua za rejista. Ulikuwa umetoka Zanzibar, ukacheleweshwa Bagamoyo hadi Februari, kisha ukakwama Unyanyembe, eneo hilohilo la Tabora, kwa sababu ya vita vya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu. Ulimfikia mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871, mwaka mzima baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake.

Bidhaa nyingine za Livingstone hazikuwa na bahati hiyo. Shehena iliyotangulia Ujiji iliuzwa na msimamizi wake, Sherif, aliyedai kwamba mwenye mali amekwisha kufa.

Visa hivyo viwili vinaonyesha kazi ya lebo na mpaka wa kazi hiyo. Lebo haimzuii aliyedhamiria kuchukua cha mtu. Inamsaidia mtu mwema aliyeokota mzigo, kondakta aliyekuta begi limebaki kwenye buti, au abiria aliyefika nyumbani akagundua kwamba amebeba la mwenzake. Watu hao ni wengi, na mara nyingi wanachokosa ni namba ya kupiga tu.

Mizigo inayofanana

Tabora imebaki njia panda tangu enzi za wapagazi. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Leo stesheni hiyo hupokea wasafiri wa Kigoma, Mwanza, Mpanda na Dar es Salaam, na stendi ya mabasi hupeleka watu Nzega, Sikonge, Urambo na Kaliua. Kila safari ina mabegi ya shangazi kaja ya rangi zilezile, viroba vya mchele na karanga, na madumu ya asali yasiyo na tofauti hata moja.

Shule za bweni zina shida yao. Siku ya kufungua shule, matranka ya bati na magodoro hupangwa foleni, na tranka la mwanafunzi wa Tabora Boys huwa pacha wa la jirani yake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, nayo hupokea wagonjwa na wauguzaji kutoka wilaya mbalimbali, wakiwa na chupa za chai, hotipoti, mabeseni na mablanketi. Mgonjwa anapohamishwa wodi usiku, vitu vyake visivyo na jina huwa vya kwanza kupotea.

Vifaa vilivyopo nyumbani

Lebo nzuri haihitaji duka maalumu. Dumu tupu la mafuta ya kula hutoa plastiki ngumu isiyolowa. Boksi la sabuni au la dawa ya meno hutoa kadi. Fundi cherehani ana vipande vya kitenge anavyotupa kila jioni, na fundi viatu ana mabaki ya ngozi. Vya kununua ni maka pen ya wino usiofutika na selotepu pana inayoonyesha ndani, na vyote viwili hutosha familia nzima kwa safari nyingi.

Kamba ichaguliwe kwa makini, kwa kuwa lebo nyingi hupotea kwa kukatika kamba na si kwa kuchanika. Uzi wa katani husagika unaposuguana na vyuma vya keria. Uzi wa nailoni wanaoshonea viatu hudumu zaidi, na ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli huvutika bila kukatika.

Namna ya kutengeneza

Lebo ya plastiki ndiyo imara kuliko zote. Ubavu ulionyooka wa dumu huoshwa kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, maana wino haushiki penye mafuta. Kisha hukatwa kipande cha sentimita 10 kwa 6, na pembe zake hukatwa mviringo ili zisitoboe begi wala kumkwaruza mbebaji. Tundu huwekwa sentimita moja kutoka ukingoni; likiwa karibu zaidi, plastiki hupasuka. Fundi viatu hulitoboa kwa dakika moja. Anayetumia msumari uliopashwa moto aushike kwa koleo, afanyie kazi nje penye hewa, na watoto wakae mbali.

Lebo ya kadi ni rahisi zaidi, ila ina siri moja. Selotepu lazima ipite ukingo wa kadi kwa milimita tatu hivi kila upande, ili ya mbele ishikane na ya nyuma. Kadi iliyofunikwa juu tu hunyonya maji pembeni, na mvua za Tabora, zinazonyesha Novemba hadi Aprili, huimaliza katika safari moja. Duka la stesheneri lenye mashine ya laminesheni hufanya kazi hiyohiyo, mradi ukingo wa plastiki ubaki mzima na tundu litobolewe kwenye ukingo huo.

Lebo ya kitenge hushonwa kama mfuko mdogo wenye kifuniko, na kadi ya jina huingizwa ndani. Faida zake ni mbili: kitambaa huonekana kwa mbali, na kifuniko huficha jina na namba mpaka mtu akifunue. Familia inayosafiri pamoja ikitumia kitenge kimoja kwa mizigo yote, hata bibi asiyesoma atatambua kwa jicho moja kipi ni chao. Watoto nao wanaweza kuchora alama yao: samaki, embe, nyota. Alama hiyo irudiwe kwenye kila mzigo wa mtoto huyo.

Cha kuandika na cha kuacha

Mambo matatu yanatosha: jina, namba za simu mbili na mji mzigo unakokwenda. Namba moja ni ya msafiri. Ya pili ni ya ndugu aliyebaki nyumbani, kwa sababu simu ya msafiri inaweza kuishiwa chaji au kupotea pamoja na begi lenyewe. Anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie au Bujumbura aanze namba na +255, la sivyo aliyeokota mzigo huko hataweza kumpata.

Herufi ziwe kubwa na zilizoachana. Wino wa kalamu nyingi hufifia juani. Maandishi ya penseli kwenye kadi hayayeyuki kwa maji wala hayapaushwi na jua, na ndiyo sababu makumbusho huandika lebo za vielelezo kwa penseli. Kadi ya ndani ya begi iandikwe hivyo.

Namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya akaunti na mahali nyumba ilipo visiwekwe nje ya mzigo. Anayesoma lebo stendi hapaswi kujua nyumba gani imebaki bila mtu.

Mahali pa kufunga

Lebo ya nje hufungwa kwenye mkono wa begi ulioshonwa imara, si kwenye zipu. Ya pili, yenye maneno yaleyale, huwekwa ndani juu ya nguo, kwa kuwa ya nje inaweza kung'oka. Dumu la asali hufungwa lebo shingoni, na maandishi hurudiwa kwa maka pen ubavuni. Tranka huandikwa kwa rangi juu ya kifuniko na upande wa mbele, maana matranka yakipandanishwa kifuniko hakionekani.

Wanaosafiri kwa ndege wabandue stika zote za safari zilizopita. Shirika la ndege hutambua begi kwa namba ya tarakimu 10 iliyo kwenye lebo yake, na mashine ikisoma stika ya zamani begi linaweza kuelekezwa kwingine. Kipande cha risiti ya mzigo kihifadhiwe mpaka begi lifike mkononi. Picha ya mzigo iliyopigwa kwa simu kabla ya kuondoka humrahisishia msafiri kueleza kilichopotea, na taarifa itolewe palepale stesheni, stendi au uwanjani kabla ya kwenda nyumbani.

Walimu wa shule za bweni wanaombwa kutenga kipindi kimoja kabla ya likizo za Juni na Desemba, kila mwanafunzi atengeneze lebo mbili za tranka lake na moja ya godoro. Wanaouguza Kitete waandike jina la mgonjwa kwenye chupa ya chai na hotipoti kabla ya kuviingiza wodini. Na anayesafiri wiki hii achukue mkasi jioni ya leo, akate lebo moja ya nje na moja ya ndani kwa kila mzigo, kisha ahakikishe namba zote mbili alizoandika zinapatikana.